Jibu: Nungunungu anamuuaje simba?

Salaam mkuu. Umeuliza nungunungu anamuuaje simba ilhali hawezi kurusha miiba. Ni kweli harushi, huo ni uzushi wa zamani. Akibanwa husimamisha miiba, hugeuza mgongo na kurudi kinyumenyume kwa kasi. Simba hujikuta amechomwa.

Ukiona picha ya simba aliyekonda, angalia kwanza mdomo, pua na nyayo. Mwiba ukivunjikia kwenye ulimi au taya, kutafuna kunakuwa mateso, jeraha linatunga usaha, na njaa ndiyo inayommaliza, polepole. Wa kwenye nyayo humzuia kukimbiza windo. Wanaoumia zaidi ni madume vijana wanaotembea peke yao, hasa ukame ukipunguza mawindo mengine. Chui naye hasalimiki.