Usinunue prosesa, fungua kasha kwanza uone RAM umezichomeka wapi

Mkuu, hiyo hela irudishe mfukoni. Unasema umeunda kompyuta mwenyewe, vijiti viwili vya RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) aina ya DDR4 vya kasi ya 3200, Task Manager (dirisha la Windows la kuangalia hali ya mashine) inakuonyesha 2133, gemu zinakatakata, na fundi kakwambia prosesa imechoka ununue nyingine. Hiyo kauli ya fundi naijua neno kwa neno. Niliilipia.

Wa kwangu hakufungua hata kasha. Aliitazama mashine dakika mbili, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya: "Prosesa imechoka." Nami, kwa ujuaji wangu, nikaitikia. Nikanunua mpya, ya zamani nikaiuza kwa bei ya kutupa. Nikaifunga jasho likinitoka, nikawasha, nikafungua gemu ileile. Ikakatakata palepale. Aliyenunua ile ya zamani anaitumia mpaka leo, na kila tukikutana ananishukuru. Sijui kama ananikejeli.

Kumbe kosa nililifanya siku ya kwanza. Mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, ina sloti nne za RAM, mimi nikachomeka vijiti kwenye mbili zinazofuatana kwa sababu vilipendeza vikikaa pamoja. Niligundua usiku mmoja nimepiga magoti, simu nimeing'ata mdomoni kama tochi, nasoma vile viherufi vya pembeni: A1, A2, B1, B2. Herufi ndiyo njia ya data, na vyangu vyote viko A! Prosesa inavuta data kwa njia moja, ya pili imelala. Na kasi yenyewe 2133. Piga hesabu: njia moja kwa 2133 ni kama GB 17 kwa sekunde, njia mbili kwa 3200 ni 51.2. Tena sikuwa na kadi ya grafiki, kwa hiyo picha zote zilikuwa zinakula RAM hiyohiyo. Yaani nimemfunga punda miguu, halafu nanunua punda mwingine namfunga vilevile.

Nikahamisha vijiti kwenda A2 na B2, sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Mazabodi nyingi ziko hivyo, ila hakikisha kwenye kile kijitabu ulichokitupa pamoja na boksi. Nikaingia BIOS, ile mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, nikawasha XMP, swichi ya kuipa RAM kasi yake ya kwenye boksi (kwingine imeandikwa DOCP). Ile 3200 ya kwenye boksi mara nyingi haiji yenyewe, mpaka uiwashe. Kazi yote dakika kumi, pamoja na kutafuta bisibisi.

Halafu CPU-Z, programu ya kusoma vipimo vya mashine, ikanionyesha 1600, nusura nimpigie muuza RAM nimtukane. Usinifuate na huko. Inaonyesha nusu kwa sababu DDR hupitisha data mara mbili kwa kila mpigo, wewe zidisha kwa mbili. Hapohapo kwenye ukurasa wa Memory angalia kama njia ni moja au mbili.

Fundi anayekutuma dukani kabla hajaingia BIOS huyo ni dalali, hata kama ana bisibisi ya sumaku na maneno matamu. BIOS kwanza, duka baadaye. Mimi sasa hata mausi ikigoma naanzia BIOS, wacha mnicheke.

Uliuliza pia mambo ya SSD na jambo jingine sijui la kuongeza kumbukumbu kwenye diski. Sikufika huko, nilipoona neno "prosesa" damu ikapanda. Piga picha ya sloti zako uitupie hapa. Na kama oda umeshaiweka, ifute leo.