Usukani wa baiskeli wa kujikunja: kina cha 150 au 130?

Ndugu, nimekuelewa: fremu ya baiskeli yako ni ya chuma ya zamani, unataka usukani wa kujikunja (ule wa mikono inayopinda kushuka chini) wenye mviringo wa kizamani, ila umekwama kati ya kina, yaani umbali wa kutoka juu hadi chini ya mkunjo, cha milimita 150 na 130.

Mimi ningechukua wa 130. Mviringo unabaki uleule na mgongo hauteseki. Ule wa 150 unapendeza machoni, lakini wengi wetu hatushuki kule chini. Tunashinda tumeshika vichwa vya breki, kule juu ya mkunjo.

Cha kuogopa zaidi ni unene wa katikati, pale usukani unapobanwa na stemu, kile kipande kinachouunganisha na baiskeli. Sukani za kisasa nyingi ni milimita 31.8, za zamani nyingi 26.0, na za zamani za kampuni ya Cinelli 26.4. Usibane usukani wa 26.0 kwenye stemu ya 26.4. Usukani utateleza, wewe utakaza zaidi, mwisho alumini ipate ufa, na usukani ukikatika mteremkoni unaaga meno. Pima kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene) au mpelekee fundi.

Upana ufuate mabega, mfupa hadi mfupa. Muulize muuzaji anapima ncha za usukani katikati kwa katikati au nje kwa nje, maana hapo zinapotea sentimita 2 na ushee.