Baba mkubwa hajibiwi kwenye grupu

Juzi muuguzi mmoja kijana wa Kagera kaniandikia: "Dada, kila nikisahihisha habari za uongo kwenye grupu la ukoo naambiwa najifanya mjuaji. Nifanyeje?" Nikacheka. Mjuaji ni afadhali, mdogo wangu. Mimi niliitwa wakala wa mabeberu, tena na watu ninaowapikia misibani.

Ilikuwa 2021. Tulikotoka mnakukumbuka: takwimu rasmi za korona zilikoma mwishoni mwa Aprili 2020 tukiwa na wagonjwa 509, papai na mbuzi wakatajwa kuwa wamekutwa na virusi, tukapiga nyungu hadi nyuso zikababuka. Januari 2021 tukaambiwa kutoka juu kabisa kwamba chanjo za korona hazifai. Julai 28 mwaka huohuo Rais Samia akachanjwa hadharani, na dozi zaidi ya milioni moja za chanjo ya Janssen zikaanza kusambazwa mikoani. Watu walikuwa wamegeuziwa maneno ndani ya miezi sita, halafu sisi wa afya tukashangaa kwa nini hawatuamini!

Nilichanjwa mapema, nikaweka picha kwenye grupu. Haukupita muda baba mkubwa akashusha sauti ya mtu asiyejitaja jina, anayedai ni daktari yuko Ulaya: waliochanjwa watakufa baada ya miaka miwili, wanawake watakuwa tasa. Nikajibu hoja kwa hoja. Nikaletewa klipu ya sarafu inayonata begani, eti aliyechanjwa anatiwa sumaku mwilini. Binamu yangu, ambaye ada yake ya chuo nililipa mimi, akaweka vikatuni vya kucheka. Admini akanitoa. Mpaka leo sijarudishwa, na sijaomba.

Nikaenda kwa shangazi, ana kisukari, huyo ndiye aliyekuwa ananinyima usingizi. Sikumpelekea takwimu. Nilimuuliza tu, "Shangazi, kwenye hii chanjo unaogopa nini hasa?" Nilidhani atasema miaka miwili. Akasema sumaku, maana ile klipu aliiona kwa macho yake.

Nikavuta redio mbovu uvunguni, nikabandua sumaku ya spika na kuiweka begani kwangu, palepale nilipochomwa sindano. Ikadondokea kwenye kanga yake. Tukajaribu sarafu: yangu ikanata kidogo. Akanitazama vibaya. Nikamwekea na yeye, ambaye hajachanjwa. Ikanata vizuri kuliko kwangu! Nikampaka poda, nikaiweka tena, ikaanguka. "Kumbe jasho," akasema, akaanza kumwita jirani aje aone.

Nikamwambia na lile ambalo wenzangu wengi hulificha: mkono utauma, na usiku huenda homa ikakushika. Ikamshika kweli, wala hakutishika, kwa sababu alishaambiwa. Baadaye akampigia kaka yake. Sijui walizungumza nini, ila baba mkubwa alichanjwa kimyakimya kituo cha mbali. Kwenye grupu hakuandika neno, na shukrani sijapata.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usibishane kwenye grupu. Mzee hawezi kurudi nyuma mbele ya watoto wake, hata akijua umesema kweli. Mfuate pembeni. Mwamkie kwanza, muulize habari za shamba, kisha muulize anaogopa nini, wala usimkisie. Ujumbe ukiwa na ile mishale miwili ya "imesambazwa mara nyingi", mwulize taratibu: huyu anayesema ni nani, anafanya kazi wapi, kasema lini? Ile sauti ya daktari wa Ulaya haikuwa na jibu hata moja. Usilolijua usilibuni, pigeni pamoja 199 ya Wizara ya Afya, ni bure, na aulize mwenyewe. Ila narudia, pembeni.

Na sisi wenye sare nyeupe tujikosoe. Tunapenda mno kushinda. Tunamwaga majina ya protini kwa mtu anayeogopa kufa, halafu tunajipongeza kwamba tumemnyamazisha. Aliyenyamazishwa hajachanjwa! Ukija mlipuko wa Marburg, ukija wa mpox, huyohuyo tuliyemdhalilisha ndiye tutakayembembeleza aje kituoni.

Na wewe mdogo wangu wa Kagera, mzee anayekuita mjuaji mpigie jioni akishakula. Na tafadhali usimtumie makala hii.