Kabla Hujaandika Kwamba Kifaranga Amechoka

Ninyi mnaoanza kupima uwezo wa vifaranga vya samaki kuogelea mtakutana mapema na kifaranga anayeacha kuogelea dakika chache tu baada ya kuwekwa katika mfereji wa mkondo, yaani chombo ambamo maji husukumwa kwa kasi inayopimwa ili samaki aogelee dhidi yake, na mtashawishika kuandika kwamba amechoka. Niliandika hivyo kwa wiki kadhaa nilipokuwa nikiwapima vifaranga wa mwatiko, mpaka nilipotambua kwamba wengi wao hawakuchoka kamwe, bali walishtushwa na wavu wa kuwahamishia, tena kila mmoja alikuwa peke yake.

Samaki wa makundi anapotengwa na wenzake huhangaika huku na huko na kumaliza nguvu kabla kipimo hakijaanza. Mpimeni pamoja na wenzake wanaolingana naye, wahamisheni ndani ya maji, kisha waacheni usiku kucha wazoee mkondo wa polepole, katika joto lile lile walimolelewa.

Njia ya kuongeza kasi hatua kwa hatua ilitumiwa na J. R. Brett nchini Kanada kwa vifaranga vya samoni, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1964. Tuseme kila hatua ina dakika 20 na nyongeza ya sentimita 5 kwa sekunde: kifaranga aliyeimaliza hatua ya sentimita 30, akashindwa dakika ya 8 ya hatua inayofuata, hupewa kasi ya kikomo ya sentimita 32 kwa sekunde, yaani 30 pamoja na sehemu 8 kwa 20 za ile nyongeza ya 5. Andikeni pia urefu wa mwili wake, kwa maana kasi hiyo si kitu kimoja kwa samaki wa sentimita 3 na wa sentimita 10.

Hata hivyo, kasi ya kikomo haipimi ustahimilivu. Misuli myeupe hutoa mbio za ghafla na huchoka upesi, ilhali safari ndefu hutegemea misuli myekundu inayolishwa oksijeni mfululizo. Stobutzki na Bellwood waliwaogelesha wachanga wa samaki wa matumbawe wa Australia katika mkondo usiobadilika wa sentimita 13.5 kwa sekunde, na mwaka 1997 wakaripoti wastani wa takriban saa 84, sawa na kilomita 40 hivi. Kwangu hilo ni jambo la kustaajabisha, kwa kuwa wachanga hao walidhaniwa kwa muda mrefu kuwa hupelekwa tu na maji.

Kwa hiyo kifaranga akiegemea wavu ulio mwisho wa mfereji nyuma yake, punguzeni mkondo kwa sekunde chache, kisha urudisheni. Akijiunga tena na wenzake, endeleeni kuhesabu muda wake.