Kilo za mtoto na uwanja wa michezo: maswali ya wazazi

Mwanangu wa miaka 11 ana ulemavu wa akili. Ni mnene, na amecheza mpira muhula mzima lakini kilo hazijapungua. Tunapoteza muda?

Hapana, tafadhali msimwondoe uwanjani. Mizani hupima mafuta, misuli, mifupa na maji kwa pamoja, wala haikuambii kipi ni kipi. BMI, yaani kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu, nayo ina kasoro hiyohiyo, kwa kuwa hutokana na uzito na urefu tu. Tena mtoto wa umri huo bado anarefuka, kwa hiyo kilo zikibaki palepale huku kimo kikiongezeka, hiyo ni habari njema. Anayecheza anaweza kupunguza mafuta na kujenga misuli, na mizani isisogee.

Tumia tepi ya fundi cherehani. Mpime kiuno katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, akishatoa pumzi. Kwa kawaida kiuno kinapaswa kuwa chini ya nusu ya urefu wake. Angalia pia kama anapanda ngazi bila kuhema kama zamani, na kama analala vizuri. Mimi mabadiliko hayo nayathamini kuliko kilo.

Kwa nini watoto hawa hunenepa upesi?

Sababu kubwa ni kwamba hawachezi vya kutosha, na mara nyingi ni sisi watu wazima tunaowakalisha pembeni kwa kuwahurumia. Zipo pia sababu za mwili. Wenye sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa na kromosomu ya ziada, huwa na misuli legevu, na wengi hupata tatizo la tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, ambalo hugunduliwa kwa kipimo cha damu. Wenye sindromu ya Prader-Willi, hali adimu ya kuzaliwa nayo, husumbuliwa na njaa isiyokoma; kwao michezo peke yake haitoshi, lazima chakula kiwekwe mahali wasipofikia. Dawa kama risperidone (ya kutuliza tabia) na valproate (ya kifafa) huweza kuongeza uzito. Usimwachishe dawa kwa uamuzi wako. Zungumza na daktari.

Na jambo moja linaloniuma: pipi na soda kama tuzo ya kila tendo jema. Mpongeze kwa makofi, au mpe dakika kumi za mchezo anaoupenda.

Acheze muda gani?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema watoto wa miaka 5 hadi 17, wakiwemo wenye ulemavu, wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuchangamsha mwili, na angalau siku 3 kwa wiki ziwe na mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa. Dakika hizo si lazima zifuatane. Anza na kidogo anachokiweza. Mwonyeshe kwa vitendo, mpe agizo moja fupi kwa wakati mmoja, na msibadilishe ratiba ovyo.

Binti yangu ana sindromu ya Down. Mwalimu anaogopa kumruhusu kuruka na kupinduka.

Kupinduka, ndiyo, asubiri. Baadhi yao wana ulegevu kati ya mifupa miwili ya juu ya shingo, na kujibinua kichwa chini kunaweza kuumiza uti wa mgongo. Kwa vile pia karibu nusu yao huzaliwa na kasoro ya moyo, daktari amchunguze kwanza. Maumivu ya shingo, mwendo uliobadilika, mikono kukosa nguvu au kuanza kujikojolea ni dalili za kusimamisha mchezo na kwenda hospitali siku hiyohiyo. Akiruhusiwa, kukimbia, kucheza ngoma na kuogelea chini ya uangalizi vinamfaa sana.

Je, kuna mashindano yanayowapokea?

Yapo. Special Olympics, michezo ya kimataifa ya wenye ulemavu wa akili iliyoanza Chicago, Marekani, mwaka 1968, huwapokea kwenye mashindano kuanzia miaka 8, na wadogo wana michezo yao ya maandalizi. Uliza pia kuhusu timu za mchanganyiko, ambamo wenye ulemavu wa akili na wasio nao huvaa jezi moja.