Maswali Yenu: Maziwa Hayasafishi Mapafu

Barua nyingi safari hii zimetoka gereji na karakana, na karibu zote zinauliza mtu avae nini au anywe nini. Nani azuie vumbi lisitoke kabisa? Hilo wachache wameuliza.

Mzee, shikamoo. Napuliza rangi za magari. Nikinywa nusu lita ya maziwa kila jioni, inatosha kutoa sumu kifuani? – Fundi rangi, Tabata

Marahaba. Hapana. Maziwa yanakwenda tumboni, mvuke wa rangi unakwenda mapafuni. Nimeshalijibu hili hadi nimechoka, na bado kuna mabosi wanaogawa pakiti za maziwa wakidhani wamemaliza wajibu wao.

Rangi ya kuchanganya na hadna (dawa ya kuigandisha) huwa na isosayaneti, kemikali inayoleta pumu. Pumu hiyo ikishakushika, hata harufu kidogo ya rangi ile ile inaweza kukubana. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Panahitajika chumba chenye feni za kutoa hewa nje, na kifaa cha kupumulia kinachofaa kwa kemikali, bora kile cha kuletewa hewa safi kwa bomba. Bosi akisema ni ghali, muulize kompresa aliinunua kwa shilingi ngapi.

Nachana mbao karakana ya samani. Nikiomba barakoa mpya, bosi anakata kwenye ujira wangu. Ni sawa? – Seremala, Keko

Si sawa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri mzigo wa vifaa kinga, na vipimo vya afya vya wafanyakazi pia.

Ila ndugu yangu, unagombea barakoa wakati msumeno unamwaga vumbi usoni. Barakoa ni kinga ya mwisho. Kwanza mashine ifungwe kifyonza vumbi, sakafu isifagiliwe kavu, na mwache ule mtindo wa kujipuliza nguo kwa kompresa mkitoka. Vumbi la mbao limethibitishwa kusababisha saratani ya pua. Na kama mko zaidi ya wanne, sheria inataka awepo mwakilishi wa usalama na afya miongoni mwenu. Yupo? Najua jibu.

Hapa nina ugomvi na serikali pia. OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, ina wakaguzi wenye mamlaka ya kuingia na hata kusimamisha kazi, na kila sehemu ya kazi inapaswa kusajiliwa. Lakini mkaguzi huonekana zaidi kwenye viwanda vyenye geti na kibao. Kibanda cha mabati cha Keko mtu wa ushuru anakijua vizuri sana, mkaguzi hakijui. Ofisi hizo mbili zingepeana orodha, nusu ya kazi ingekuwa imekwisha.

Tunawasha jenereta ndani ya duka, mlango tumeacha wazi kidogo. Kuna shida? – Kariakoo

Zima, toa nje, kisha urudi usome. Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, gesi inayoua, nayo haina harufu wala rangi, na mlango wa wazi kidogo hautoshi. Jiko la mkaa chumbani ni habari hiyo hiyo.

Jirani anavunja betri za magari na kuyeyusha madini ya risasi uani. Watoto wetu wanacheza hapo hapo. Tufanyeje bila kugombana? – Mama wa watatu, Mbagala

Mama, gombana. Kwa staha, lakini gombana. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto mdogo inaharibu ubongo taratibu, bila homa wala kutapika kwa kukushtua. Utamwona mzito shuleni na mtamchapa kwa uvivu. Moshi ukiisha, vumbi linabaki kwenye udongo, na jirani anawapelekea hata wanawe kwenye nguo za kazi.

Leo hii wahamishe watoto wasicheze pale, waoshe mikono kabla ya kula, deki kwa kitambaa kibichi, na omba hospitalini wapimwe risasi kwenye damu. Kisha andikeni barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, nakala kwa afisa mazingira wa Manispaa ya Temeke na kwa NEMC, baraza la taifa la mazingira. Betri chakavu ni taka hatarishi, na biashara yake inahitaji kibali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila mtu haki ya kuishi kwenye mazingira safi, salama na yenye afya. Barua igongwe mhuri wa kupokelewa. Malalamiko ya mdomo hayana faili.

Nilianguka jukwaani kwenye ujenzi, bosi amenipa elfu hamsini niseme nilianguka nyumbani. – Saidia fundi, Mbezi

Usiseme. Ajali ya kazini inafidiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF: matibabu, ujira unaoukosa, na ulemavu ukibaki. Mchango wote hulipwa na mwajiri. Akikukata wewe, anakuibia. Toa taarifa sasa, usisubiri miezi 12 ipite. Weka karatasi za hospitali na majina ya walioona.

Tumevua mabati ya asbesto ya shule. Naweza kuyachukua kwa banda la kuku? – Temeke

Hapana, na msiyavunje wala kuyafagia. Yalowesheni, yafungeni kwa nailoni nzito, watoto wakae mbali, kisha muulizeni NEMC pa kuyapeleka. Vumbi la asbesto huleta saratani, nayo huchukua miongo kujitokeza, ndiyo maana aliyewapa kazi hiyo hana wasiwasi.