Shangazi, nataka kuacha uuguzi niishi kama Iris Tree

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 22, kwetu Tanga, niko London nasoma uuguzi mwaka wa pili. Jumamosi naigiza na kikundi, na jioni mbili kwa wiki darasa moja la uchoraji hunilipa nikae nichorwe, nikiwa nimevaa nguo zangu. Sasa mchoraji mmoja anataka nimkalie siku nne kila wiki. Keshanichora picha kubwa, itaonyeshwa Juni. Huniita Iris Tree wake. Nimesoma habari za huyo mama wa Kiingereza, aliyechorwa na wasanii wengi zamani, na maisha yake yamenivuruga kichwa: uigizaji, wachoraji, safari. Nataka kuacha chuo. Mama hajui lolote. Nifanye nini? – Njia Mbili, London*

Marahaba mwanangu. Kwanza ondoa hofu, sikuoni muhuni. Kukaa kimya saa mbili, shingo inauma na mguu umekufa ganzi, ili mwenzio ajifunze kuchora, ni kazi ya halali na ni ngumu. Aliyeifanya anajua.

Iris Tree nami nampenda, ndiyo maana nataka umtazame vizuri. Alizaliwa Januari 1897. Miezi michache baadaye baba yake, Herbert Beerbohm Tree, akafungua jumba lake la maigizo katikati ya London, na mwaka 1904 akaanzisha chuo cha waigizaji ambacho mpaka leo vijana wanapigania kuingia. Mama yake alikuwa mwigizaji, dada yake Viola vilevile. Binti huyo alipokwenda kusomea uchoraji pale Slade, chuo cha sanaa cha London, kisha akapanga chumba cha siri na shoga yake Nancy Cunard, aliyetoka kwenye ukoo wenye meli, hapakuwa na siku ambayo angelala njaa. Usiku angeweza kurudi kwao akafunguliwa mlango. Wewe ukikosa kodi ya chumba, mwanangu, ni nani atakayekufungulia?

Mwaka 1915 peke yake alichorwa na Vanessa Bell, Duncan Grant na Roger Fry, na Jacob Epstein akamtengeneza sanamu ya kichwa. Nywele zake alikuwa amezikata fupi wakati ambao binti wa heshima hakati nywele. Husimuliwa kwamba alizikatia ndani ya treni na msuko akauacha kitini. Epstein akazifanya zikae kichwani kama kofia ya askari. Sura ile inakutazama kana kwamba haimwogopi mtu. Naelewa kabisa kwa nini umepagawa.

Lakini Epstein huyohuyo alimtengenezea sanamu pia Betty May, msichana aliyekulia katika ufukara mashariki mwa London. Naye alikuwa mzuri, naye alijulikana na kila msanii pale Café Royal, mgahawa wa London walikokutana wasanii. Hakuwa na baba mwenye jumba la maigizo. Aliimba, alicheza, aliingia ndoa hii na ile, na mumewe mmoja akafia Sicilia mwaka 1923 walipokwenda kuishi kwa Aleister Crowley, Mwingereza aliyejulikana kwa mambo ya uchawi. Mwishowe alichobaki nacho cha kuuza ni mkasa wa maisha yake mwenyewe. Mchoraji wako anapokuita Iris, uliza pia habari za Betty.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi kuhusu Iris. Huyu mama alikuwa mshairi. Kitabu chake kilitoka 1920, kingine 1927, cha mwisho 1966, miaka miwili kabla hajafariki. Katikati ya miaka ya 1920 alizunguka Marekani akiigiza katika mchezo wa Max Reinhardt, mwongozaji maarufu wa maigizo. Aliolewa mara mbili, akazaa wana wawili, ndoa zote mbili zikavunjika. Mwaka 1960 Fellini, mwongozaji wa filamu wa Italia, alimweka kwenye filamu yake kama mshairi. Maisha yote alifanya kazi, ila watu wengi leo wanamjua kwa nyuso zilizochorwa na wengine, na chini ya kila uso pana saini ya mwingine.

Sasa yako. Kama uko huko kwa viza ya masomo, usiache chuo kabla hujakaa na ofisi ya wanafunzi wa kigeni hapo chuoni. Ukiacha masomo, na viza inaweza kukatwa. Viza hiyo kwa kawaida inakuruhusu saa 20 tu za kazi kwa wiki wakati wa muhula, na hairuhusu kujiajiri. Siku nne za mchoraji zinaweza kukupeleka pabaya, na yeye hatakuwa kwenye ndege pamoja nawe. Hata hizo jioni mbili waulize zinalipwa kwa utaratibu gani.

Jumamosi usiache. Uigizaji ni wako, hakuna anayetia saini juu yake.

Mchoraji mwambie haya, tena kwa maandishi: saa ngapi, malipo kiasi gani, nguo zipi, na picha itaandikwaje. Kisheria haki ya picha ni ya aliyechora, wewe huna fungu hata ikiuzwa, isipokuwa mmekubaliana. Lakini jina ni lako. Kama unataka liandikwe, liandikwe kamili, si “msichana Mwafrika”. Iris aliandikwa kwa jina lake mpaka kwenye sanamu. Akikataa hilo, umeshamjua.

Mama yako mpigie kabla ya Juni, usisubiri picha ifike Tanga kwa simu ya jirani. Usianze na habari ya kuacha chuo. Anza na picha yenyewe: mtumie, umwambie nguo uliyovaa, nani alikuwapo, ulilipwa kiasi gani na pesa ulifanyia nini. Atanyamaza kidogo. Usiikimbie kimya hiyo, ngoja hapohapo kwenye simu mpaka aulize swali lake la kwanza.